Nafasi Moja kwa Masista

Mume wangu hakuwahi kujaza fomu hata moja tangu anioe. Hakuhitaji. Kampuni ya shaba ilimwajiri akiwa kijana, ikampa namba ya kazi, na tangu siku hiyo namba ile ndiyo iliyoshughulikia mambo yake yote. Nilijifungulia hospitali ya kampuni. Karani wa kampuni akaandika kwenye daftari la kampuni kwamba namba fulani ameongeza mtoto, na mwezi uliofuata unga wa mposho, mgao wetu wa kila mwezi, ukaongezeka. Mtoto akitimiza miaka sita, shule ya kampuni inamwita. Hata mtu akifa, seremala wa kampuni ndiye aliyepiga jeneza. Kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi, walisema kampuni ni baba, kampuni ni mama, na hawakuwa wakitania.

Mimi nilikula unga ule miaka mingi na sikuwa na neno. Lakini nina kasoro moja ambayo marehemu mama yangu aliilalamikia mpaka siku ya mwisho: nikiona kitu kimeoza, nasema kimeoza, hata kama wageni wako mezani.

Kitinda mimba wetu, msichana, alitimiza miaka sita mwaka ambao kampuni ilikuwa inakufa na watu wanakataa kukaa matanga. Mshahara ulikuja siku uliyotaka wenyewe. Mposho ukapungua, ukawa nusu, halafu ukawa hadithi. Mume wangu aliendelea kutoka kila asubuhi na kofia yake ya kazi, akaketi na wenzake mbele ya karakana iliyofungwa, akarudi saa ile ile ya zamani. Watoto wetu watatu wakubwa walikuwa wanakwenda shule ya kampuni kukaa. Sikusema kusoma, nimesema kukaa. Mwalimu mmoja aliuza mafuta ya taa mlangoni mwa darasa lake, mwingine alikwenda kulima Annexe, pembeni mwa mji, na madawati ya chumba cha mwisho yalikuwa yamegeuka kuni.

Nikaamua kwamba huyu wa mwisho atasoma kwa masista, mjini. Ilikuwa shule ya binafsi, ya kulipa, lakini mwalimu aliingia saa moja na nusu na alikuwa na chaki mkononi. Mimi nilikuwa na kipande cha shamba Annexe, nililima muhogo na kuuza sombe, yaani majani yake, katika soko la Katuba. Karo nilijua nitaitafuta. Aliyenishinda alikuwa mume wangu.

"Mutoto ya kampani anasomaka ku masomo ya kampani," alisema bila kuinua macho kwenye bukari yake, ugali wa jioni.

"Kampani gani?"

"We mwanamuke."

"Baba ya batoto, mi nakuuliza tu. Kampani gani? Ile yenye ilikupatia mposho mwezi gani?"

Alinawa mikono taratibu, kidole kwa kidole, akaenda kukaa nje. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia kwa kunifanya nimwonee huruma. Lakini hakusema hapana, na mimi kwa mwanamume asiyesema hapana nina njia ya kupita.

Jumatatu ya kuandikisha nilimsuka binti yangu upya, nikampaka mafuta mpaka magoti yakang'aa, tukaenda. Uwanja wa masista ulikuwa umejaa akina mama waliovaa vitenge vya kanisani. Sista mkuu, mama wa makamo mwenye miwani, mtu wa huku huku kwetu, alitutangazia mapema kwamba darasa la kwanza lina nafasi mbili tu. Tulitazamana. Tangu hapo hakuna aliyemchekea mwenzake.

Zamu yetu ilipofika, sista aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wa binti yangu.

"Jina yako nani, mama?"

Binti yangu alisimama wima, mikono ubavuni, akataja namba ya kazi ya baba yake, tarakimu zote, bila kukosea hata moja. Kisha akaongeza, "Mutoto wa ine," yaani wa nne.

Nyuma yangu mtu alicheka. Masikio yangu yalipata moto. Kosa halikuwa la mtoto. Kambini watoto wote tuliwafundisha hivyo, maana kwenye foleni ya mposho hawakuuliza jina, hospitali hawakuuliza jina, na mtoto akipotea askari wa kampuni alimrudisha nyumbani kwa namba. Mimi mwenyewe ndiye niliyemkaririsha, nikimgonga kidogo kiganjani kila alipochanganya tarakimu. Nilijiona mama hodari.

Sista hakucheka. Alimwekea shanga, binti yangu akazihesabu. Alimwonyesha picha ya mbuzi aliyeingia jikoni, binti yangu akasimulia habari ya mbuzi yule mpaka ikabidi azuiwe.

"Mutoto eko na akili," sista aliniambia. "Nipatie acte de naissance, cheti ya kuzaliwa."

Nilitoa kitabu cha kampuni, tulichokitunza ndani ya mfuko wa plastiki kwa heshima kama ya Biblia. Picha ya mume wangu ukurasa wa kwanza, watoto wanne kwa mpangilio, mihuri. Sista alifunua polepole, akakifunga, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Iyi ni ya kampani, mama. Mi natafuta ya serikali."

"Ni kitu moja, ma sœur."

"Hapana. Iyi inaonyesha baba eko na batoto ngapi ya kulisha. Haionyeshe mutoto ni nani." Aliondoa miwani. "Nitakuchungia nafasi moja mupaka vendredi, siku ya ijumaa, saa sita ya muchana. Kiisha pale, naipatia mwenye kufuata."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeelewa jambo ambalo kambi nzima haikuwa imelielewa. Hakuna aliyekuwa amekwenda serikalini kumwandikisha mtoto. Kwa nini uende, na karani wa kampuni amekwisha kuandika? Nyumba baada ya nyumba, barabara baada ya barabara, watoto wetu walikuwa wanapiga kelele, wanaugua surua, wanavunja madirisha, na mbele ya serikali hakuna hata mmoja aliyekuwa amezaliwa.

Mume wangu, nilipomweleza, alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Hilo lilikuwa jambo la kampuni, na kampuni angeliendea mwenyewe. Jumanne alipiga pasi shati, akaenda ofisi ya wafanyakazi. Alirudi kabla ya saa sita. Alikuta mlinzi mzee tu, na madaftari ya hospitali yamerundikwa katika chumba ambacho mvua inaingia, mchwa wamekula kuanzia chini.

"Banasema tungoye."

"Tungoye nini?"

"Habakusema."

"Basi we ungoye," nikamwambia. "Mi naenda."

Jumatano nilikuwa mbele ya karani wa komine, ofisi ya serikali ya mtaa wetu. Ofisi yake haikuwa na vioo tangu askari walipopora mji, na yeye mwenyewe, kama sisi, alikuwa hajui mshahara unafananaje. Alinieleza vizuri. Kwa mtoto aliyecheleweshwa anahitaji shahidi aliyemwona akizaliwa, daktari au mkunga, aje atie sahihi katika daftari lile pale.

"Nani alikuzalisha?"

Nilimjua.

Watoto wangu wote wanne walipokelewa na mikono ya mkunga mmoja. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya yetu, choo chao kimepakana na banda letu la kuku. Mwaka ule ilisemwa kwenye mikutano kwamba wale ambao babu zao walitoka mkoa wa jirani warudi kwao. Huko kwao mkunga hakuwahi kukanyaga. Alizaliwa kambini, kama mimi. Wakaja vijana wenye fimbo, wengine tuliwajua kwa majina, wakawatoa nje, wakang'oa mlango na mabati. Ukoo wa mume wangu ni wa hapa tangu kabla ya mgodi, kwa hiyo hakuna aliyetugusa. Siku ile tulifunga mlango. Nilisikia sauti yake ikiniita kutoka upande wa banda la kuku, mara mbili. Sikufungua. Nimekwisha kuungama hilo kwa padri, na bado sijalimaliza.

Sasa mkunga na waliofukuzwa wenzake walikuwa stesheni, wiki ya tatu, wanangoja gari la moshi.

Alhamisi asubuhi nilikaanga mikate midogo, beseni zima, nikaenda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi siku ile nilikuwa tayari kulala chini kabisa. Stesheni ilikuwa imejaa nyumba zisizo na kuta: kitanda, kabati la vyombo, cherehani, nyanya amelala kwenye godoro katikati ya reli. Nilimkuta mkunga karibu na bomba la maji, ameketi juu ya sanduku la bati, amevaa blauzi yake nyeupe ya hospitali. Wanawake walikuwa wanazaa pale pale chini, na mkunga mwingine hawakuwa naye.

Aliniona tangu mbali. Aliningoja nifike, nitue beseni.

"Uko na mimba ingine?"

"Hapana, mama."

"Basi juu ya nini umekuya?"

Nilimweleza yote: masista, cheti, karani, ijumaa saa sita. Nilieleza haraka na kwa urefu, nikijificha ndani ya maneno. Aliniacha nimalize.

"Nilikuitaka, mama," alisema.

"Nilisikia."

"Nilijua kama unasikia."

"Niliogopa," nikamwambia. Sikuwa na kingine, na sikutafuta.

Alichukua mkate mmoja, akaukata vipande, akawapa watoto waliokuwa wamesimama karibu. Kisha akaanza kusema bila kunitazama. Yule wa nne alitanguliza miguu. Ilikuwa mvua ya kwanza, taa zilizimika, na mimi nilimtukana mume wangu kwa Kibemba mpaka wauguzi wakacheka. Alikumbuka hata uzito.

"Mi sitoki apa," alisema. "Treni inaweza kuingia, na mu njia batanipiga. Karani njo akuye, na daftari yake. Na akikuya, kuko batoto tatu benye balizaliwa apa stesheni. Ataandika nabo. Aandike kama balizaliwa Lubumbashi."

Nilisema ndiyo kabla sijajua nitafanyaje.

Karani aliponisikia alicheka mpaka akashika meza. "Mama, serikali haitembeaka!" Nikaketi kwenye benchi lake. Alinikumbusha kwamba tumemaliza, nikamwambia yeye amemaliza, mimi bado. Alisoma karatasi moja mara tatu. Nilikaa. Alitoka, akarudi, akanikuta. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo nilikuwa nimeacha mikate kadhaa chini ya kitambaa pamoja na kicha kikubwa cha sombe. Nikavisogeza juu ya meza. Alikula mikate miwili akitazama ukutani.

"Saa moja ya asubui," alisema hatimaye. "Lakini bale batoto tatu, shahidi yabo atakuwa nani? Njo muntu wa apa, mwenye nyumba yenye kujulikana. Balio ku stesheni habana nyumba."

Jioni nilimwambia mume wangu, na safari hii sikumtania. Nilimwambia anachoombwa: kwenda stesheni mchana kweupe, mbele ya vijana wanaolinda pale, kuandika jina lake upande wa watu waliofukuzwa. Walijulikana waliochomewa nyumba kwa kidogo kuliko hicho. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumchoma, yako tayari mdomoni. Sikuyahitaji.

"Nabo habako na papier," alisema, kama mtu anayehesabu kitu peke yake. "Sawa na betu."

Ijumaa tulifika kabla ya karani, mimi, mume wangu na binti yetu. Nilidhani hatakuja, na nilikwisha kumtukana moyoni mpaka kizazi cha tatu alipotokea upande wa pili wa reli, daftari kubwa kwapani, muhuri mfukoni, anaruka mafurushi ya watu na kuomba radhi. Aliliweka daftari juu ya sanduku la mkunga. Mkunga aliketi chini kwenye mkeka.

"Mutoto moja?" karani aliuliza.

"Eko na batoto ine," mkunga alijibu. "Bote nilibazalisha miye. Uandike bote."

Mimi nilikuwa nimeomba mmoja. Alitaja siku nne za kuzaliwa, moja baada ya nyingine, na kila moja akatia sahihi yake ndefu ya hospitali. Karani akaandika vyeti vinne, akavipiga muhuri, akanipa.

Kisha wakaja akina mama watatu na vichanga vyao. Karani aliuliza mahali pa kuzaliwa. "Lubumbashi," akasema wa kwanza. "Lubumbashi," akasema wa pili, kwa nguvu zaidi. Vijana wawili wenye fimbo walisogea. Mmoja alikuwa mtoto wa mfanyakazi mwenzake mume wangu.

"Baba, unafanya nini apa?"

Mume wangu alikuwa ameinama juu ya daftari. Hakuzoea kalamu, aliandika jina lake herufi kwa herufi na ulimi umetoka pembeni.

"Naandika batoto," alisema, akaendelea.

Kijana alisimama, akatazama vichanga, akatazama muhuri wa serikali. Nadhani muhuri ndio uliomchanganya. Aligeuka akaondoka na mwenzake. Siku ile nilimpenda mume wangu kuliko siku aliyonioa.

Mkunga alinishika mkono nilipomuaga. "Kimbia," alisema. "Saa inaenda."

Nikakimbia. Mwanamke wa umri wangu, kitenge kimekunjwa mpaka magotini, vyeti vinne ndani ya blauzi, binti yangu nyuma yangu akiuliza tunamkimbia nani. Tulifika kwa masista saa sita ikiwa haijagonga. Ofisi ilikuwa kimya. Hakukuwa na foleni, na jambo hilo sikulitilia maanani, nilishukuru tu.

Sista alisoma cheti, akapima muhuri kwenye mwanga, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikauliza, nikihema, kama nafasi ile bado ipo.

"Nafasi iko, mama." Alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Ziko mingi."

Alifungua droo ya meza yake. Ndani kulikuwa na rundo la majalada ya watoto, kila moja limefungwa kwa uzi.

"Tangu jana bazazi banakuya kutoa batoto yabo ku masomo. Banasema treni itaenda kesho. Mu kalasi yote viti biko bule, bila muntu. Kama uko na mutoto mwingine mwenye anajua kusoma, umulete nayeye."

Jalada la juu lilikuwa na jina la ukoo wa mkunga. Alikuwa mjukuu wake, darasa la tatu. Nililisoma mara mbili ili nisiweze kujidanganya baadaye kwamba sikuliona. Mkunga alijua. Aliposema waandikwe wote wanne, alijua kabisa viti vitatoka wapi.

Sista alininyoshea kalamu. Niliona haya mpaka macho yakauma, na nikatia sahihi.

Jumatatu nilirudi na mtoto wangu wa tatu, na cheti chake mkononi. Walimpa kiti katika darasa la tatu. Gari la moshi lilikuwa limekwisha kuondoka.